Wanoaji wa Zana za Seremala

Kufufua zana kuukuu za useremala jijini Dar es Salaam ni kazi ya Kariakoo na Gerezani, mitaa ya mafundi chuma, na ya Keko, penye karakana za samani. Randa, patasi, keekee na misumeno ya mkono iliyokwisha meno hurudi kazini.

Kutu huondolewa kwanza, kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na msasa. Tumbo la randa husuguliwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka linyooke.

Msumeno ndio mtihani wa fundi. Huubana katikati ya mbao mbili, husawazisha vimo vya meno kwa tupa bapa, huyapinda jino moja kulia na la pili kushoto ili usikwame ndani ya mti, kisha hunoa kila jino kwa tupa ya pembetatu. Meno huzidi 100, na hakuna hata moja linaloweza kurukwa. Ni kazi ya macho na mgongo. Anayenunua kitanda cha mninga hamwoni mtu huyu, ingawa zana zilizokifanya kila kiungo kikae sawasawa zimepita mikononi mwake.

Patasi ina hatari yake: kwenye jiwe la umeme, chuma kikigeuka buluu ugumu umetoka, kwa hiyo huchovywa majini mara kwa mara. Humaliziwa kwenye jiwe la mafuta, hadi unywele wa chuma ulio ukingoni udondoke. Hapo hujaribiwa kwenye kipande cha mninga, kwa kukata nyuzi kimkingamo. Mti usipochanika, patasi hurudishwa kwa mwenyewe.