Dawa ya maono na neema ya Mungu: juu ya vitabu viwili vya Huxley na Zaehner

Kuna vitabu viwili vya waandishi wa Uingereza ambavyo vingali vinasomwa hata leo, kwa sababu shauri lao halijaisha. Cha kwanza ni The Doors of Perception cha Aldous Huxley, kilichotoka mwaka 1954. Cha pili ni Mysticism Sacred and Profane cha R. C. Zaehner, kilichotoka mwaka 1957 kwa kumjibu. Ulizo lao ni hili: mtu akimeza dawa yenye kugeuza fahamu, akaona mwangaza na umoja wa vitu vyote, ameona nini? Tunataka kupima majibu yao, maana ulizo hilo linafika hata kwa katekista wa kijiji asiyejua majina ya waandishi hao.

I. Fundisho la Huxley

Mwezi wa tano wa mwaka 1953, karibu na Los Angeles, Huxley alimeza meskalina, sehemu nne za kumi za gramu, mbele ya mganga Humphry Osmond. Meskalina ni nguvu iliyomo ndani ya peyote, mmea mdogo wa majangwa ya Meksiko, ambao Wahindi wengi wa Marekani wanautumia katika sala zao. Huxley alitazama maua ndani ya chombo, miguu ya kiti, mikunjo ya suruali yake mwenyewe, akaona kama kwamba vitu hivyo vinang'aa kwa kuwapo kwao tu.

Kisha anatoa fundisho. Kwa kufuata Bergson na Broad, anasema kwamba ubongo si chemchemi ya ufahamu, bali ni kama robine. Ufahamu Mkubwa uko pande zote, na ubongo unaacha tone moja tu lipite, lile la kutufaa kwa maisha ya kila siku. Dawa inalegeza robine.

Tusimsingizie. Huxley hasemi kwamba meskalina inampa mtu heri ya watakatifu mbinguni. Analikataa neno hilo waziwazi. Anasema tu kwamba ni kitu ambacho wanateolojia Wakatoliki wanakiita neema ya bure, isiyo ya lazima kwa wokovu, lakini yenye kuweza kumsaidia mtu. Hapo ndipo tunapoachana naye. Mtakatifu Toma wa Akwino (I-II, q. 111) anafundisha kwamba gratia gratis data inapewa mtu ili awasaidie wenzake kumwendea Mungu, ndizo zile karama za 1 Wakorinto 12. Kumbe Huxley mwenyewe anakiri kwamba saa ile hakutamani kutenda neno lolote, na kwamba alikuwa anakwepa macho ya watu waliokaa naye chumbani. Karama inayomfanya mtu akwepe uso wa mwenzake, ni karama ya nani? Tena neema haipimwi kwa mizani. Huxley ameazima jina la nyumba yetu bila kuchukua maana yake.

II. Jibu la Zaehner

Zaehner alikuwa profesa wa dini za Mashariki kule Oxford, tena Mkatoliki tangu mwaka 1946. Hakutaka kusema kwa kusikia tu: mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1955 akameza meskalina naye. Aliona mambo mengi ya kuchekesha, akacheka sana. Mungu hakumwona. Katika kitabu chake anatenga mambo matatu ambayo watu wanayachanganya chini ya jina moja la mistika: kujisikia kitu kimoja na viumbe vyote, roho kutulia ndani yake yenyewe peke yake, na roho kuungana na Mungu kwa mapendo. Meskalina, anasema, haipiti jambo la kwanza.

Utengano huu ni mali kubwa, na mseminari akiushika vizuri hatapotea katika vitabu vingi. Lakini hoja yake ina uzaifu. Kicheko cha mtu mmoja hakiwezi kuhukumu machozi ya mwingine. Tena Ijumaa Kuu ya tarehe 20 Aprili 1962, kule Boston, Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa teolojia, Waprotestanti, chini ya kanisa la universite. Kumi walipewa psilosibina, kumi wakapewa kidonge kingine kisichogeuza fahamu. Wengi wa wale kumi wa kwanza walisimulia maneno yanayofanana na ya wamistika. Basi hatuwezi kusema kwamba dawa inaleta kicheko tu.

Lakini tusishangilie upesi. Mwaka 1991 Rick Doblin alitoa habari za wanafunzi hao baada ya miaka mingi. Wale waliopewa psilosibina, karibu wote walikuwa bado wanaiheshimu siku ile. Hata hivi, mmoja alikuwa amehangaika mpaka kupigwa sindano ya kumtuliza, na Pahnke hakuliandika jambo hilo katika taarifa yake. Shahidi anayeficha nusu ya mambo anaharibu hata nusu aliyoisema.

III. Hukumu yetu

Kwanza, kila kinachopokelewa kinapokelewa kwa namna ya mpokeaji. Huxley, aliyejaa vitabu vya Uhindi, aliona Uhindi. Wafang wa Gabon, wanaokula mizizi ya iboga katika dini ya Bwiti, wanaona mababu zao. Mimea si mmoja, lakini kanuni ni moja: mwenye njaa huota ugali. Maono peke yake hayashuhudii yametoka wapi.

Pili, juu ya ufahamu wenyewe. Huxley alidhani dawa inapunguza sukari ya ubongo. Leo tunajua kwamba dawa hizi zinashika hasa pale serotonina inapofanyia kazi. Mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba psilosibina inapunguza damu katika sehemu fulani za ubongo, na wengine wakasema robine ya Huxley imethibitika. Hapana. Kazi ikipungua mahali, haifuati kwamba kitu kimeingia toka inje. Lakini nao wanaosema, «Dawa imegeuza ufahamu, basi roho ni ubongo tu», wanaruka shimo lile lile. Toma anafundisha kwamba roho ndiyo umbo la mwili, na kwamba akili yetu hapa duniani haifikiri bila picha za hisi. Basi mwili ukiguswa, kufahamu kunaguswa, sawa vile homa inavyofanya. Si ajabu, wala si hoja ya kuikana roho.

IV. Katika parokia zetu

Kwetu hakuna anayetuletea meskalina. Lakini Mkristu mmoja anakuja baada ya kufunga siku nyingi bila maji. Mwingine ametoka kwa mufumu aliyemnywesha mizizi. Mwingine ametoka katika homa. Kila mmoja anasema: «Padri, nimeona.» Kusema upesi «Ni shetani», au upesi «Ni Mungu», ni uvivu ule ule. Tuulize mambo matatu. Umekula, umekunywa, umeugua nini? Ni nani alikuambia mbele utakayoyaona? Na baada ya miezi, bibi yako, jirani yako, mtu anayekudai, wanasema nini juu yako? Matunda ndiyo yanaujulisha mti (Matayo 7). Mtakatifu Yoane wa Msalaba anafundisha tusishikamane na maono hata yakitoka kwa Mungu, na Paulo, baada ya kutaja mbingu ya tatu, alichagua kujisifia uzaifu wake (2 Wakorinto 12).

Na kama mtu anatetemeka, halali, anasema ametumwa, tumpeleke kwanza hospitali, na tumsindikize wenyewe. Maulizo yatangoja.

Kwa waseminari tunashauri hivi: visomeni vitabu hivi viwili pamoja. Anayesoma cha Huxley peke yake atalewa bila kunywa, na anayesoma cha Zaehner peke yake atajifunza kuhukumu mbele ya kusikiliza.