Mtapo wa Ghorofani

Anayelea mtapo Kariakoo ana adui mmoja mkubwa, nao ni mkono wake mwenyewe. Jua kali mmea huu unalivumilia, vumbi la Mtaa wa Mchikichi pia. Kinachouua ni maji ya kila asubuhi, yanayomwagwa kwa huruma.

Ni mmea wa pwani yetu. Encephalartos hildebrandtii huota mwituni Kenya na Tanzania. Cycas thouarsii inafika hadi Komoro na Madagaska. Ila hao hurefuka mita kadhaa, na ghorofa zilizochukua nafasi ya nyumba za Kiswahili hazina uwanja. Kwenye kibaraza chenye nondo anafaa ndugu yao mfupi kutoka Japani, Cycas revoluta.

Bibi mmoja muuza vitenge ameupanda wake kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, iliyotobolewa chini kwa msumari wa moto. Ndani kuna mchanga, kokoto ndogo na samadi iliyooza sawasawa. Kisiki kimekaa juu ya udongo; ukikifukia, kinaoza. Kabla ya kumwagilia anachomeka kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa na unyevu, anaondoka zake. Pakikauka anamwaga mpaka maji yatokee chini, kisha anausahau. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza ncha za majani, kwa hiyo masika ikifika ndoo inasogezwa mvuani ikasafike.

Miezi inapita bila jani jipya. Halafu kilele kinavimba, na majani yanatoka yote kwa pamoja, laini, vijani vyake vimejiviringa kama mkia wa kinyonga. Hapa ndipo namvulia bibi kofia. Hageuzi ndoo, haisogezi, hafuti hata vumbi. “Mjukuu wangu, usiguse, hata kwa ukucha,” anamwambia mtoto anayenyoosha mkono. Umbo ambalo majani yatakaukia ndilo yatakalobaki nalo kwa miaka, na ukiufungia mmea gizani wakati huo yatatoka marefu, yamelegea.

Yakishakomaa, kazi inarudi. Anapindua kila jani kutafuta magamba meupe ya wadudu, anayafuta kwa pamba na maji ya sabuni. Vimizizi vyenye vifundo vinavyochomoza juu ya udongo haviondoi, ingawa wengi huvikata wakidhani ni ugonjwa. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Ndiyo maana samadi kidogo inatosha. Watoto anawachunga kwa sababu nyingine pia: mtapo una sumu, hasa mbegu. Zamani wakati wa njaa watu wa pwani walizila, lakini baada ya kuziloweka na kuzikausha kwa muda mrefu.

Chipukizi likitokea ubavuni analikata kwa kisu safi, analiondolea majani yote, analiweka kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo analisimika mchangani. Mizizi inachukua miezi. Anayetaka mtapo aanzie hapo, kwa chipukizi la bustanini. Kung'oa wa mwituni ni uharibifu tu: jamii nzima ya Encephalartos imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na biashara ya kimataifa ya mimea iliyotolewa porini imepigwa marufuku. Wateja wa vitenge humuuliza bei ya yale machipukizi. Huwajibu kwamba bado hayajashika, na hilo kwa kawaida ni kweli.