Kumshika Msomaji wa Tarime na Serengeti

Msomaji hana deni kwa mwandishi. Anaweza kuiacha makala kwenye sentensi ya pili, akazima data kulinda bando lake, na hakuna wa kumlaumu. Ufundi wa kuandika makala inayovutia na kusomwa hadi mwisho unaanzia hapo, kwenye kukubali kwamba kila aya inaomba ruhusa upya.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mtihani huo una ugumu wa aina yake. Mada zenyewe ni nzito na zinajulikana mbali: dhahabu ya Nyamongo, nyumbu wanaovuka Mto Mara, wizi wa mifugo, ukeketaji. Zimeandikwa sana, na nyingi zimeandikwa na watu waliofika asubuhi wakaondoka jioni. Msomaji wa Dar es Salaam anadhani anazijua. Msomaji wa Mugumu au Sirari anazijua kweli. Mwandishi hodari huandika akimwogopa huyu wa pili. Makala ikipita kwa mtu anayeijua njia, kijito na jina la ukoo, itapita kwa yeyote. Ikimfurahisha mgeni peke yake, mwenyeji ataicheka kijiweni, na mgeni naye ataisahau kesho yake.

Habari za fidia Nyamongo zinaonyesha jambo hili vizuri. Mgodi wa North Mara uliopo hapo ulianza uzalishaji mwaka 2002, na suala la nani alipwe nini kwa nyumba, mazao na ardhi limekuwa gumzo kwa miaka mingi. Makala inayoanza na “mgogoro wa fidia baina ya wananchi na mwekezaji” haina kosa, lakini haina uhai. Maneno hayo hayo yangefaa Geita au Kahama bila kubadilisha nukta. Mwenye jicho huanza na nyumba. Ukuta wake ni wa udongo ambao haujakauka vizuri, bati ni jipya, mlango una kufuli. Ndani hakuna mafiga wala masizi darini. Nje hakuna kuku, hakuna kamba ya kuanikia nguo. Pembeni yake kuna nyingine ya namna hiyo, na nyingine tena. Hiyo ndiyo tegesha, nyumba iliyojengwa ili mthamini aihesabu, si ili mtu alale. Msomaji akishaiona nyumba isiyo na mafiga, atavumilia hata aya tatu za sheria ya ardhi, maana sasa ana jambo analotaka kulijua: yule mzee ambaye nyumba yake ya kweli imezungukwa na hizo za tegesha, atathibitishaje kwamba yeye hakutegesha? Hekta na mamilioni ya shilingi vinaingia baada ya swali hilo. Vikitangulia, havisomwi.

Swali ndilo linaloisukuma makala ndefu, na mfano mkubwa kabisa ulitokea Serengeti. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu na kitabu kuhusu hifadhi hiyo. Michael alikwisha kufa katika ajali ya ndege mwezi Januari mwaka huo huo, na filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Watu wengi wanaikumbuka ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia. Ndege ilivuta macho, ila kilichowashika watazamaji ni swali lililo wazi: wanyama hawa huenda wapi majira yakibadilika, na je, mipaka inayochorwa upya inawafuata? Kuhesabu wanyama kutoka angani ni kazi kavu kupindukia. Swali hilo liliigeuza kuwa safari.

Lakini kazi hiyo hiyo ya akina Grzimek inaonyesha pia namna swali linavyoweza kuwaacha watu nje. Walioishi pembezoni mwa hifadhi wanaonekana humo zaidi kama hatari kwa wanyama. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1951, kuna wawindaji na wafugaji waliojikuta nyuma ya mpaka, nao walikuwa na maswali yao. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa kusini mwa Mara, akazichapisha mwaka 2003. Aliyezisoma hawezi tena kudai kwamba upande huo hauna kumbukumbu. Huo ni utajiri ambao mwandishi wa leo anaupita akikimbilia Kogatende, kando ya Mto Mara, kutafuta picha ya nyumbu wakiruka mtoni. (Picha hiyo imechapishwa mno, haimsimamishi mtu tena.)

Baada ya swali huja mpangilio. Wakurya, wenyeji wa wilaya hizi, wana kipimo kikali katika kufuatilia ng'ombe walioibwa: nyayo zikiingia kijijini, wanakijiji wanatakiwa kuonyesha zilikoelekea, la sivyo lawama ni yao. Aya nayo inadaiwa hivyo. Ikimpokea msomaji, lazima ionyeshe anakoelekea. Nyayo hupotea mara nyingi mahali palepale: kwenye historia ndefu iliyowekwa kwa sababu tu mwandishi aliisoma, na kwenye nukuu ya kiongozi iliyochomekwa ili asinune. Waandishi wa hadithi za mfululizo magazetini, Eric Shigongo akiwa mmoja wao, walilimudu hili kwa kukata kila toleo pale ambapo moto umewaka. Makala ya mambo ya kweli haiwezi kukata hivyo kila mara bila kunuka hila. Inachoweza ni kuchelewesha jibu, mradi jibu lipo.

Sauti za watu zinahitaji uangalifu mfupi tu: ziachwe zilivyo. Mzee wa Nyamwaga akinukuliwa kwa Kiswahili cha taarifa ya wizara, kila mtu anajua kuna aliyemsemea.

Kumbakiza msomaji ni kazi ngumu kuliko kumvuta, na hapa ndipo wengi huanguka. Kila ifikapo Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara, habari za ukeketaji hurudi: ngariba, wazee wa mila, polisi, na sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Kichwa cha habari cha kutisha hupata wasomaji siku moja. Anayebaki nao huandika kuhusu kufungwa kwa shule: wanafunzi wanafunga masanduku kwenda nyumbani likizo, na mmoja wao anafunga sanduku hilo hilo kwenda nyumba salama, Masanga au Mugumu. Jina lake halitajwi, kijiji hakitajwi, rangi ya sare haitajwi. Sanduku linatosha. Familia zinazosoma zinaona kwamba mtoto amelindwa, na kesho mama mwingine atakubali kuzungumza.

Imani hujengwa pia kwa kurudi. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, tembo huingia mashambani usiku, na wakulima huwafukuza kwa tochi na kwa kugonga makopo. Habari huandikwa asubuhi, mahindi yakiwa bado yamelala chini, kisha mwandishi huondoka. Akirudi miezi kadhaa baadaye, atakuta habari iliyo bora zaidi. Ofisa alikuja kupima ekari zilizoharibiwa? Fomu ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa, ilifika wapi? Msimu uliofuata mkulima alipanda mahindi tena, au aliliacha shamba? Humo hamna tembo wala kelele za makopo, ila mkulima wa kijiji cha pili atazitafuta makala za mwandishi huyo kila zinapotoka, kwa sababu fomu ya namna hiyo anayo nyumbani na bado haijajibiwa.