Faranga 65 na Glasi ya Brandi

Robert Louis Stevenson anatutajia bei ya punda wake mapema kabisa. Ni punda jike mwenye rangi ya panya, si mkubwa sana kuliko mbwa, aliyenunuliwa Le Monastier kwa faranga 65 na glasi ya brandi. Mfuko wa kulalia aliokuwa ameuagiza kabla yake, turubai la kijani kwa nje na manyoya ya kondoo ya buluu kwa ndani, ulimgharimu faranga 80 na glasi mbili za bia. Kwa hiyo kitanda kilikuwa ghali kuliko mnyama wa kukibeba. Stevenson anaona ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu kwake punda ni sehemu tu ya kitanda hicho, ile yenye miguu minne. Akampa jina Modestine.

Kitabu chenyewe ni *Travels with a Donkey in the Cévennes*, kilichotoka mwaka 1879. Kinasimulia safari ya siku kumi na mbili, kuanzia tarehe 22 Septemba 1878, katika milima ya kusini mwa Ufaransa, kutoka Le Monastier hadi Saint-Jean-du-Gard. Wengi wetu tuliokutana na Stevenson shuleni tulimjua kwa maharamia na hazina yao, na hatukujua kuwa kabla ya hapo alikuwa kijana wa miaka 27 mwenye kifua kibovu na moyo uliovunjika, akiandika vitabu vya safari ili apate chochote mfukoni. Mwanamke aliyempenda, Fanny Osbourne, alikuwa amerudi Marekani mwezi mmoja kabla. Kitabuni hatajwi kwa jina.

Watu hukisifia kitabu hiki kwa mandhari: usiku chini ya misonobari, mabonde ya mto Tarn, nyota. Sibishi, ni kurasa nzuri. Lakini anayekipendekeza kwa ajili ya mandhari anakipunja. Kwangu mimi hiki ni kitabu cha mzigo. Kurasa nyingi za mwanzo zinahusu kamba, shogi lisilokaa sawa, na jinsi ya kusawazisha uzito wa pande mbili. Katika kijiji cha Ussel mzigo wote unageuka na kuning'inia chini ya tumbo la punda, watu wanacheka na hakuna anayenyoosha mkono kusaidia. Msomaji aliyewahi kumwona punda wa Lamu akipandishiwa mawe ya matumbawe anajua kuwa mambo hayo yana ufundi wake, na kwamba Stevenson hana hata chembe ya ufundi huo.

Halafu kuna fimbo. Mwanzoni anaona haya kumpiga mnyama wa kike, kisha anampiga mpaka mkono unauma. Mkulima mmoja anamfundisha neno la kumharakishia punda. Halifanyi kazi. Mwenye nyumba ya wageni huko Bouchet-Saint-Nicolas anamtengenezea mchokoo, na Stevenson anaufurahia kwa maneno ambayo yangefaa fimbo ya mfalme. Mchokoo tunaufahamu kutoka kisa cha Sauli njiani kwenda Dameski, ambapo angalau kuna sauti inayouliza swali. Hapa hakuna sauti. Ila kurasa kadhaa baadaye mwandishi huyohuyo anaandika, waziwazi, kwamba miguu ya mbele ya Modestine imechubuka kwa ndani hadi ikawa kama nyama ya buchani, na kwamba damu inachuruzika chini ya mkia. Hajitetei. Hata kichekesho kilichotangulia hakifuti.

Katika darasa letu la shahada ya uzamili tulisoma vitabu vya safari vya karne ya 19, na Stevenson alichukuliwa kama mapumziko: baada ya majuma ya Stanley, huyu hapa mtu mpole na punda wake, Afrika haimo, tupumue. Sikukubaliana na mpangilio huo. *Through the Dark Continent* cha Stanley kilitoka mwaka huohuo wa 1878, na ukiviweka vitabu hivi viwili mezani utakuta jicho ni lilelile. Wenyeji ni wajinga au wajanja, mara nyingi wachafu, na wamewekwa njiani ili mgeni apate la kusimulia. Soma sura ya Fouzilhac. Giza limeingia, Stevenson amepotea, anawauliza wasichana wawili njia. Mmoja anamtolea ulimi, mwingine anamwambia awafuate ng'ombe. Anaandika kwamba Mnyama wa Gévaudan, yule aliyeua watu wa nchi hiyo kati ya 1764 na 1767, aliwala watoto kama mia moja, na kwamba sasa anaanza kumwonea huruma mnyama huyo. Ni mzaha, najua. Lakini ni mzaha juu ya watoto maskini waliokufa.

Tofauti inaanza baada ya hapo. Stevenson anabisha hodi, mzee wa nyumba anakataa kutoka nje kumwongoza. Anabembeleza, anaahidi pesa. Mzee anasema ni giza, na mlango unabaki mlango. Katika mizigo ya Stevenson kulikuwa na bastola. Stanley naye, miaka mitatu kabla ya hapo, alikataliwa kupokelewa na watu wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Viktoria, na Agosti 1875 akarudi na bunduki kuwaua. Sidhani tofauti hiyo inatokana na upole wa Stevenson. Mkulima wa Gévaudan alikuwa na sheria nyuma yake na askari wilayani, na anayemgongea usiku alilijua hilo bila kuambiwa. Kwa hiyo Stevenson akatukana kidogo, akaenda kulala porini kwenye upepo na mvua, na tukapata mojawapo ya sura bora za kitabu. Mwenyeji anayeweza kukataa humlazimisha mwandishi kuandika vizuri zaidi. Ningependa sura hiyo ifundishwe pamoja na Bumbire, siku moja, bila mapumziko katikati.

Kasoro kubwa ya kitabu iko mahali pengine. Stevenson alilelewa katika Upresbiteri wa Uskoti, na ukisoma kwa makini utaona kwamba nchi inapendeza kadiri anavyowakaribia Waprotestanti. Kaskazini, kwa Wakatoliki, ardhi ni kavu na watu ni wazito. (Watawa wa Notre-Dame des Neiges wanapona, ingawa wageni wao wawili wanaojaribu kumwongoa hawaponi.) Akishavuka Mont Lozère na kuteremka Le Pont-de-Montvert, ghafla kila jiwe lina historia. Hapo ndipo Julai 1702 Padri du Chayla, aliyekuwa akiwafunga na kuwatesa Waprotestanti, aliuawa, na vita vya Wakamisadi vikaanza. Stevenson anaisimulia vita hiyo kwa moto wa mtu anayesimulia habari za babu zake. Wakulima wa kusini wanapewa wahenga, wale wa kaskazini wanapewa vituko tu. Hata Mnyama wa Gévaudan, ambaye kwa watu wa kule alikuwa msiba wa miaka mitatu, ni kichekesho.

Hata hivyo, kila mara uhasibu wake unamvuta kurudi chini. Karibu na Florac anapewa juisi ya zabibu ya bei nafuu badala ya divai, kwa sababu mdudu wa filoksera amefika kwenye mizabibu. Ni sentensi mbili tatu tu, lakini uchumi mzima wa bonde umo ndani yake. Na baada ya ule usiku maarufu chini ya misonobari anaacha sarafu kwenye majani, moja baada ya nyingine, kulipia malazi. Wapo wanaoiona ishara hiyo kuwa ya kujionyesha. Mimi naona kwamba ni mtu anayejua amekula cha bure.

Anayebaki kudai ni Modestine. Saint-Jean-du-Gard mhudumu wa mazizi anasema punda hawezi kuendelea bila siku mbili za kupumzika. Stevenson ana haraka ya kufika Alès kuchukua barua zake, kwa hiyo anamuuza pamoja na shogi lake kwa faranga 35. Akiwa ndani ya gari la abiria analia. Mwanzoni mwa kitabu, Mzee Adam aliyemuuzia punda naye alitoa chozi, akidai alikuwa akimnunulia mnyama mkate mweupe huku yeye akila mweusi, na Stevenson alitucheka sote tungemwamini. Waswahili tunasema asante ya punda ni mateke. Kitabu hiki chote kina teke moja la maana, nalo linampata mwandishi kwa kalamu yake mwenyewe: chozi lake linafanana na la Adam, na haelezi ni kwa nini sisi tuliamini zaidi.

Leo safari hiyo ni njia rasmi ya watembeaji, GR70, inayoitwa kwa jina la Stevenson, takriban kilomita 270 kutoka Le Puy-en-Velay hadi Alès. Filamu ya Caroline Vignal ya mwaka 2020, *Antoinette dans les Cévennes*, iliipa umaarufu mpya. Ni filamu ya kuchekesha kwelikweli, na punda wake anayeitwa Patrick anaigiza vizuri kuliko baadhi ya wanadamu. Sina ugomvi na utalii huo. Lozère ndiyo wilaya kuu yenye watu wachache kuliko zote Ufaransa, na mgeni anayelala na kula kijijini anaacha kitu. Ila punda sasa hukodishwa, na mwisho wa safari anarudishwa kwa mwenyewe, kwa hiyo mtembeaji wa leo hafiki kwenye ile asubuhi ya faranga 35. Na asiyetaka punda hupeleka begi lake kwa gari dogo linalotangulia hadi nyumba ya wageni ya usiku huo. Katika masimulizi ya njia hiyo niliyoyasoma, nimekutana na majina ya punda wengi. Dereva wa gari la mabegi sijamwona akipewa hata moja.