Donge Moja la Unga

Anayesukuma chapati anajua jambo ambalo wauza antena wengi hawalisemi: donge ni lile lile. Unaweza kulitandaza likajaa kikaango, ila kadiri linavyopanuka ndivyo linavyokuwa jembamba. Mwenye nyumba anayenunua antena ya nje ili waifai ya sebuleni ifike uani, kwenye banda la kuku au kwenye kibanda cha mlinzi getini, huamini amenunua nguvu. Antena haina nguvu ya kuuza. Haina betri wala haichomekwi ukutani. Inachopewa na ruta, ambacho mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi ya wati, ndicho inachokitoa, tena pungufu kidogo. Kinachobadilika ni mgawo: upande huu upate zaidi, ule upate kidogo au ukose kabisa. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na hapo ndipo sifa zake zinapoanzia, kwa kuwa mgawaji asiyejua nani anakaa wapi atamwongezea aliyeshiba na kumpita mwenye njaa.

Tazama antena ya fimbo, ile inayosimama wima nyuma ya ruta. Mawimbi yake hutoka kwa umbo la ngata, ile ya kujitwishia ndoo, na fimbo imepita katikati ya tundu. Aliye ubavuni anapata. Aliye juu kabisa au chini kabisa ya ncha hapati kitu cha maana. Fimbo ndefu ya nje, ya zaidi ya mita moja, huibana ngata hiyo ikawa bapa kama sinia. Inafika mbali, lakini ukiifunga juu ya paa la ghorofa mbili, anayekaa kibarazani chini yake anaweza kuwa na mtandao mbovu kuliko jirani wa nyumba ya tatu. Wengi hulaumu antena kwa hilo, nayo imefanya ilivyoombwa. (Na kwa kuwa mgawo huo hutokana na ukubwa wa antena, kijiti cha urefu wa kalamu kilichoandikwa ukuzaji wa desibeli 18 kinasema uongo, hata kibandiko chake king'ae vipi.)

Ubingwa wa kugawa kwa upande mmoja tumeuona juu ya mapaa yetu kwa miaka mingi. Zile antena za televisheni zenye umbo la mfupa wa samaki zilitokana na kazi ya Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, waliokuwa chuo kikuu mjini Sendai, katika miaka ya 1920. Cha kustaajabisha ni kwamba katika vijiti vyote vile, kimoja tu ndicho kilichoungwa na waya. Vilivyobaki havijaungwa na chochote. Vimekatwa kwa urefu maalumu na kupangwa kwa nafasi maalumu, basi. Kirefu cha nyuma huyarudisha mawimbi, vifupi vya mbele huyavuta. Enzi za analojia, kabla mitambo yake haijazimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, kila mtaa ulijua namna ya kuielekeza: mmoja juu ya bati akizungusha bomba, mwingine sebuleni akipaza sauti, "Hapo hapo! Umepitiliza, rudi kidogo!" Kazi ya waifai ya nje ni hiyo hiyo, ila vipimo vimekuwa vidogo mno. Wimbi la waifai la gigahezi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu, kwa hiyo kosa la milimita tano, ambalo kwenye televisheni lisingemkera mtu, hapa linaharibu kazi.

Hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye antena ya kopo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mwalimu bora. Kinachotakiwa ni kopo la bati la mviringo, lililofunguliwa upande mmoja, lenye upana kati ya sentimita 7.5 na 9 hivi. Likiwa jembamba kuliko hapo, mawimbi ya waifai hayawezi kusafiri ndani yake. Likiwa pana zaidi, yanaanza kusafiri kwa namna mbili zinazovurugana. Ubavuni hutobolewa tundu, kikaingizwa kipande cha waya wa shaba cha milimita 31, yaani robo ya wimbi, kilicholehemiwa kwenye kiungio. Sasa tundu litobolewe wapi? Kwa kopo la sentimita 9, kama sentimita 5 kutoka kitakoni. Mtu angedhani kopo la sentimita 8 litatobolewa karibu zaidi, kwa kuwa ni dogo. Kumbe linatobolewa mbali zaidi, kama sentimita 7, maana wimbi likibanwa ubavuni hurefuka kwenda mbele. Fundi asiyejua hesabu yake anaweza kufika pale pale kwa kutoboa makopo matatu na kupima kila moja. Kitu kilichokuwa njiani kwenda jalalani, kimepimwa kwa rula ya mtoto wa shule, na sasa kinashika mawimbi.

Atasema mtu: kwa nini kujisumbua na umbo wakati amplifaya zipo? Ongeza nguvu, mambo yaishe. Lakini waifai ni mazungumzo. Kila kifurushi cha data kinachotumwa kinangoja jibu kwamba kimefika, na jibu hilo linatoka kwenye simu, yenye betri ndogo na antena ndogo zaidi iliyofichwa ndani ya kava. Ukiiongezea ruta nguvu ya kusema peke yake, umempa kipaza sauti mtu mwenye masikio mazito. Alama za waifai zinajaa kwenye kioo cha simu, ukurasa unazunguka tu haufunguki. Antena haina upendeleo huo: upande inaokuzia kusema ndio inaokuzia kusikia, kwa kiasi kile kile. Mwaka 2007 huko Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vilivyoachana kwa kilomita 382, pungufu kidogo tu ya umbali wa Dar es Salaam na Dodoma kwa mstari ulionyooka. Vifaa vyao vilikuwa vya waifai ya kawaida, programu ikiwa imerekebishwa ivumilie kungoja jibu linalotoka mbali. Kilichobeba mzigo ni madishi yaliyolengwa sawasawa na mabonde yasiyo na kizuizi katikati.

Sheria nayo, ukiitazama vizuri, inampendelea msikilizaji. Ulaya, kwa mfano, kikomo cha gigahezi 2.4 ni miliwati 100 zikihesabiwa pamoja na ukuzaji wa antena. Anayefunga antena inayokuza mara nane anatakiwa aipunguze ruta mara nane. Je, amepata hasara? Kusema kwake kumebaki vile vile, kusikia kumeongezeka mara nane, na majirani wa pande nyingine wamepumzika na kelele zake. Hapa kwetu Tanzania msimamizi wa masafa ni TCRA, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na busara ni kuuliza kabla ya kupandisha mlingoti.

Adui mkubwa wa kazi hii hata hivyo hayuko hewani; yuko kwenye waya. Waya mwembamba wa antena, ule unaouzwa kwa mita, hula karibu desibeli moja kila mita kwa mawimbi haya. Mita kumi hula desibeli kumi, yaani katika kila sehemu kumi zilizoingia inatoka moja. Mtu ananunua antena ya desibeli 9, anaipandisha darini, anateremsha mita kumi za waya hadi sebuleni, kisha anashangaa mtandao umekuwa dhaifu kuliko mwanzo. Desibeli tisa zote zimeliwa, na moja ya mtaji juu yake. Anayeijua kazi hufanya kinyume: huipandisha ruta yenyewe, au kifaa cha nje kilichotengenezwa kuvumilia mvua, waya wa antena ukabaki shubiri moja, halafu huteremsha waya wa mtandao unaobeba data na umeme pamoja, ambao unaweza kwenda hadi mita 100. Asiyejua atadai fundi amekwepa kazi kwa kuwa waya wa antena hauonekani.

Lipo pingamizi lenye uzito zaidi: siku hizi kuna viruta vidogo vya kurudia mawimbi, unachomeka kimoja kila chumba na hakuna haja ya kupanda paa. Ni kweli, na ndani ya nyumba yenye kuta nene, kama zile za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, hakuna antena itakayoshindana navyo. Lakini kirudiaji kinachosikia na kusema kwa chaneli moja hutumia nusu ya muda wake kurudia kilichosemwa, na kasi inakatika nusu. Tena kinataka soketi, na mita sitini kutoka nyumbani, pale kwenye tangi la maji, soketi hakuna. Na anayesema bando la simu linatosha ahesabu kwanza ni watu wangapi pale uani wananunua bando kila siku, kila mmoja lake, ilhali ndani kuna waifai iliyolipiwa mwezi mzima.

Vijijini watu wanaujua mti wa mtandao, au kichuguu ambacho ukisimama juu yake simu inashika. Maarifa hayo ndiyo anayoyaanzia fundi anapozunguka kiwanja kabla hajafungua begi. Anatazama bati jipya la jirani, ambalo linarudisha mawimbi kama kioo. Anautazama mwembe: majani yamejaa maji, na maji huyameza mawimbi haya, kwa hiyo njia iliyo safi mwezi wa Januari itaziba masika majani yakilowa. Hata mstari wa macho peke yake haumtoshi, kwani mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka mstari huo. Kwa mita 100 ni kama mita moja na robo tatu kila upande katikati ya njia, na tawi linaloingia ndani sana ya nafasi hiyo linapunguza mawimbi. Anauliza nani anasomea wapi jioni. Kisha anapanda, anafunga, analenga, anaunganisha mlingoti na waya wa ardhini kwa ajili ya radi, na kiungio anakizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kwa kuwa pwani chumvi huigeuza shaba kuwa ya kijani kabla mwaka haujaisha. Mwisho anaulegeza waya kidogo kabla haujaingia ukutani, utengeneze tumbo linaloning'inia chini ya tundu, ili maji ya mvua yakiuteremkia yaishie hapo na kudondoka nje.