Tundu la Milimita 12

Ukitaka kumjua fundi wa magari, acha hadithi za injini alizozishusha. Mwangalie anavyofunga bolti ya kumwagia oili. Iko chini kabisa ya sampo, bakuli la oili chini ya injini; mwenye gari haioni, na dakika moja ya pupa inatosha kuiharibu. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, hatua chache kutoka maduka ya vipuri ya Kariakoo, na sijaona kazi ndogo inayostahili heshima kubwa kama ya kuponya tundu la bolti hiyo likishakufa meno.

Magari mengi yanayofika hapo ni Toyota zilizotumika Japani kwanza: IST, Vitz, Raum. Kwenye nyingi ya hizo bolti ni ya milimita 12, meno yake yameachana kwa milimita 1.25, na kichwa chake ni cha spana namba 14. Kiwanda kinataka ikazwe kwa nyutonimita 37 hivi. Kwa spana ya sentimita 20, huo ni karibu uzito wa ndoo ya maji ya lita 20 ikining'inia kwenye ncha ya mpini, basi. Tatizo huanzia kwenye washa, ile pete nyembamba inayokaa kati ya bolti na sampo. Ikishabanwa mara moja imelala. Ukiirudisha ileile, oili inadondoka. Fundi wa kwanza anakaza zaidi kidogo. Anayemfuata anaongeza. Wa tatu anachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Bolti ni chuma, na pale ambapo sampo ni ya alumini, alumini ndiyo inayoshindwa. Siku hiyo bolti inazunguka bure, haikazi wala haitoki kirahisi.

Njia za mkato zipo, tena za bei ndogo. Kuna tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kuna bolti nene kidogo inayojichongea meno yenyewe inapoingia. Inaweza kushika kwa miezi, lakini ikianza upande itaendelea upande, na chenga zake zinaangukia ndani. Gundi ya chuma siitetei hata kidogo. Inaziba tundu ambalo lazima lifunguliwe tena oili ikichakaa, na atakayekuja kulifungua ataukuta msiba ulioachwa na mwenzake.

Fundi mwenye kazi yake haanzi na spana. Analala chali, anapangusa sampo, anaingiza kidole tunduni na kulisoma. Anataka kujua kama meno yameondoka yote au ya mwanzo tu, na kama sampo ni alumini au bati lililochomelewa nati kwa ndani. Ikiwa ni bati, mara nyingi ataishusha sampo, ataiosha mpaka oili iishe, kisha atakwenda kwa mchomeleaji kubandika nati mpya. Ikiwa ni alumini, anaweza kulipanua tundu kwa drili ya milimita 12.5 na kuchonga meno mapya ya bolti ya milimita 14. Au ataweka helikoili, waya mgumu uliosokotwa unaokaa ndani ya tundu na kuipokea tena bolti ileile ya awali.

Hapo kwenye kuchonga ndipo penye ufundi wenyewe. Tapu, chombo cha kuchongea meno, inapakwa grisi kwenye mifereji yote ili chenga zinate. Inasimamishwa wima, bila kitu cha kuiegemeza ila macho na viganja viwili. Inazungushwa nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mbele, nyuma. Mkono unausikia ugumu ukipanda, na unarudi kabla tapu haijakatikia ndani. Nimemwona saidia fundi akitaka kumalizia haraka, na mkubwa wake akamwondoa mkono pasipo kusema neno. Chenga za alumini hazishikwi na sumaku, kwa hiyo fundi mwaminifu humimina nusu lita ya oili safi juu na kuiacha itoke chini, isuuze sampo, kwa sababu chujio la pampu linavutia oili kutoka hapohapo. Hakuna atakayemkagua. Angeweza kuiacha hatua hiyo na bado akalipwa.

Kipimo cha meno hayo nacho kina asili yake: mwaka 1841 Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza, alipendekeza meno ya skrubu yawe na vipimo vya pamoja, badala ya kila karakana kuchonga ya kwake. Wazo hilo ndilo linalofanya bolti iliyonunuliwa Kariakoo ikubali kuingia kwenye injini iliyotoka Japani. Lakini kipimo hakijichongi. Kinahitaji mtu wa kukitimiza akiwa amelala juu ya kipande cha boksi, oili ikimdondokea shingoni.

Wengi wa mafundi hao walijifunza kazi wakiwa wanaifanya. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa aina hiyo na kuwapa vyeti, na ningependa kuona vyeti hivyo vikining'inia Gerezani kwa wingi. Wewe mwenye gari una sehemu yako pia. Nenda na washa mpya kila unapomwaga oili. Usimsimamie fundi ukitazama saa. Na akikuomba nusu lita ya ziada ya kusuuzia sampo, usidhani anakuibia: inunue.