Kusoma Mtaa wa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Dalali mzoefu hupenda kumpeleka mteja Goba, Bunju au Chanika mwezi wa Julai, Jumamosi saa nne asubuhi. Ardhi imekauka, foleni hakuna, barabara ya vumbi inapitika hata kwa gari dogo. Mtu anayejua kuchagua mtaa huenda, hutazama, hushukuru. Kisha hurudi peke yake katikati ya masika.

Maji ndiyo kipimo cha kwanza. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwapa wakazi wa mabondeni viwanja Mabwepande, na tangu hapo wengi hudhani hatari inaishia bonde la Msimbazi. Haiishii huko. Zipo sehemu tambarare za Boko na Tegeta ambako maji ya mvua hayana pa kwenda. Kiangazi alama hubaki kwa anayezijua: mstari wa tope kwenye ukuta wa uzio, plasta inayomenyeka kwa chumvi sehemu ya chini, viroba vya mchanga kando ya geti, matete yaliyoota kwenye kiwanja kitupu. Nyumba mpya ikiwa na msingi mrefu kuliko za majirani wote, mwenyewe aulizwe kwa nini.

Na choo kiulizwe, bila haya. Sehemu kubwa ya mitaa ya pembezoni haijaunganishwa na mfumo wa majitaka, hivyo kila nyumba ina shimo lake. Pale maji ya ardhini yalipo karibu, shimo hujaa upesi, na gharama ya gari la kunyonya hurudi kila mara. Vilimani kama Kimara na Goba tabu ni nyingine: maji hukimbia, huchimba makorongo, na polepole huila barabara hadi misingi ya kuta inabaki wazi.

Kwa maji ya kunywa, jibu la “bomba la DAWASA lipo” halitoshi. Yanatoka siku gani? Mtaa wenye tangi kubwa juu ya mnara katika kila nyumba, na maboza yanayopita asubuhi, umeshajibu. Kisima nacho kionjwe, kwa kuwa karibu na pwani maji mengi yana chumvi.

Safari ya kazini ijaribiwe Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Mwendokasi ulioanza 2016 uliibadili Kimara. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka huohuo, liliisogeza Kigamboni mjini, ila ni la kulipia, na malipo hayo yaingie kwenye hesabu ya mwezi. Vivyo hivyo nauli ya bodaboda kutoka kituoni hadi mlangoni usiku, ambayo aghalabu husahaulika.

Anayenunua ana kazi zaidi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 uliacha maeneo kama Mbweni, Mivumoni na Kibada ambako barabara zilichorwa kabla ya nyumba, na tofauti inaonekana kwa macho: gari la zimamoto linafika. Hata hivyo mtaa usiopimwa si wa kudharauliwa. Mara nyingi una duka, shule na majirani wanaojuana, mambo ambayo mtaa uliopimwa huchukua miaka kuyapata. Kinachopaswa kuogopwa ni karatasi dhaifu. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia mauziano, lakini si hati. Mnunuzi makini hufanya upekuzi ofisi ya ardhi, hutafuta mawe ya mipaka kiwanjani, na hupima umbali kutoka mtoni, kwani Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Hifadhi ya barabara nayo si jambo dogo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, zikiwemo za watu walioishi hapo miaka mingi.

Mpangaji anaweza kuyaacha hayo ya hati. Yeye, kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, aombe kuona mita ya LUKU, ajue ni ya kwake peke yake au ya nyumba nzima, kisha anunue soda kwa Mangi wa duka la jirani na kuuliza umeme ulikatika lini mara ya mwisho.